Nukta tatu juu ya Ng'wanza

Daftari lina kurasa 96, jalada limeliwa na mende pembeni, na linanuka samaki. Sitanii. Babu mzaa mama alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu na chumvi, na daftari la madeni lilikaa kibanda kimoja na magunia kwa miaka mingi. Alizaliwa Tabora, akaja Mwanza kwa treni kijana mbichi (reli ilikuwa imeshafika huku tangu 1928), na kama watoto wengi wa Kiislamu wa Tabora ya enzi hizo, kalamu aliishika chuoni, yaani madrasa, kabla ya kuishika shuleni. Kwa hiyo madeni yake aliyaandika kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto: jina la mtu, anakotoka, alichochukua, siku ya kulipa. Waliolipa kawapiga mstari. Ambao hawakupigwa mstari ni wengi.

Mimi nina steshenari ndogo mjini, si mbali na Makoroboi. Natoa kopi, nachapa barua za kazi, kadi za harusi, risala, na mara mojamoja matangazo ya msikitini. Mwaka jana mama alikuja dukani na daftari limefungwa ndani ya khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Macho yangu yanakwenda. Nikishaondoka mimi, nani atalisoma hili? Nichapie. Upande mmoja kama alivyoandika baba, upande wa pili kwa herufi hizi zenu, wajukuu waelewe."

Nikakubali haraka kuliko ilivyofaa. Chuo nilisoma, alifu kwa ujiti naijua, na kibodi ya Kiarabu ipo kwenye kompyuta yangu. Nikajipa wiki mbili.

Mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza ulinikwamisha. Kulikuwa na neno linaloanza na kitu kama ghaini, lakini ghaini ina nukta moja juu, غ, na hii ilikuwa na tatu: ڠ. Nilidhani ni tone la wino. Nikageuza ukurasa, nikaikuta tena. Na tena. Jioni nikampelekea mama. Hata hakuangalia mara mbili.

"Ng'wanza," akasema. "Ameandika Ng'wanza."

Wateja wa babu walikuwa Wasukuma, na Msukuma mji huu hauiti Mwanza, anauita Ng'wanza. Babu hakuwa Msukuma ila aliandika alichosikia. Na karibu nusu ya wadaiwa wake majina yao yanaanzia hapohapo, kwenye ng': Ng'wandu, Ng'washi, na wengine ambao nitawasitiri kwa sababu wajukuu zao bado tunakutana Mwaloni.

Sasa Kiarabu chenyewe hakina ng'. Hakina p, hakina ch, hakina v. Waswahili walipoichukua hati hiyo, na waliichukua zamani (kuna barua za Kiswahili za mwanzoni mwa karne ya 18 zilizohifadhiwa mpaka leo huko Goa, India), njia ya kwanza ilikuwa kuzibebesha herufi zilizopo mizigo isiyo yao. Be ilibeba b na p, fe ikabeba f na v. Ghaini maskini ilifanywa punda kabisa: gh, g, ng' na hata ng, maana n inayotangulia herufi nyingine mara nyingi haikuandikwa. Irabu nazo Kiarabu kinaandika tatu tu, a, i na u, kwa hiyo e ilijibana kwa i na o kwa u. Msomaji alitakiwa aijue habari kabla hajaisoma. Ukiandika kwa mtindo huo kwamba mtu fulani "anafua ziwani", hujasema kama yuko kwenye mawe na beseni la nguo au yuko kwenye mtumbwi na nyavu. Hapa kwetu hizo ni kazi mbili, za watu wawili, kwenye maji yaleyale. Katika daftari la babu pesa imeandikwa besa kutoka mwanzo hadi mwisho, na mama anaisoma pesa bila kusita.

Njia ya pili ilikuwa kuongeza nukta. Waajemi walifanya hivyo kwanza: be wakaipa nukta tatu chini ikawa p, jimu nayo ikapata nukta tatu ikawa ch. Wamalay nao, kwenye hati wanayoiita Jawi, wakachukua aini (umbo la ghaini bila nukta, ع), wakaiweka nukta tatu juu, wakapata ng' yao. Waandishi wa Kiswahili hawakuwahi kuwa na kanuni moja. Kila chuo kilikuwa na mwalimu wake, na kila mwalimu na mkono wake. Mwalimu wa babu alikuwa mtu wa nukta tatu, walau kwenye ng'. G ya gunia aliiacha na ghaini ya nukta moja. Mkumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Kibodi yangu ya Kiarabu haikuwa na herufi ile. Basi nikafanya ujanja wa mtu wa steshenari: nikachapa ghaini ya kawaida, nikageuza ukurasa kuwa picha, nikafuta nukta moja na kuchora tatu kwa mkono, moja moja, kila mahali zilipohitajika. Kurasa 12 zilinila siku nne. Zilipotoka kwenye printa zilikuwa nzuri kweli, mama akapitisha kidole na kusema mashallah.

Kisha akasema, "Nitafutie Ng'washi wa Igoma. Alikuwa na deni mara ngapi?"

Nikafungua kompyuta nitafute. Hakuna Ng'washi. Hakuna mtu yeyote. Kompyuta haikuona hata herufi moja kwenye kurasa zile 12, iliona madoa meusi kwenye karatasi nyeupe, sawasawa na ambavyo ingeona picha ya mbuzi.

Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta, alikuwa likizo. Nilipomweleza alicheka kwa adabu, kama anavyochekwa mjomba.

"Mjomba, umechora herufi. Kompyuta haijui mchoro. Inajua namba."

Akanipeleka nje akanionyesha kwa mfano ambao sikuutegemea kutoka kwa mtu wa darasani. Mtumbwi wa uvuvi, alisema, una namba ya usajili ubavuni. Mwenyewe anaweza kuupaka rangi nyekundu leo na bluu kesho, anaweza kuuweka tanga au mashine, namba inabaki ileile, na ukitaka kujua ni wa nani unauliza namba. Herufi ndani ya kompyuta ni hiyo namba. Umbo unaloliona kwenye skrini ni rangi tu.

Shida ya miaka mingi ilikuwa kwamba namba hazikutosha. Orodha ya kwanza iliyoenea, ASCII ya mwaka 1963, ilikuwa na nafasi 128, na ilitungwa Marekani kwa ajili ya Kiingereza. Kiarabu kilipata orodha yake baadaye, ISO 8859-6 ya 1987, nayo ikachukua herufi za Kiarabu chenyewe ikaishia hapo. Microsoft kwenye orodha yake ya Windows-1256 ilibana nafasi ikaingiza p na ch za Waajemi na g yao, lakini nafasi zote zilikuwa 256, na kati ya hizo nyingi zilishaliwa na herufi za Kirumi. V ya nukta tatu haikupata kiti, na ng' ya babu wala haikufika kituoni. Mtu aliyetaka kuandika Ng'wanza kwa hati hiyo kwenye kompyuta ya wakati ule angefanya nilichofanya mimi, achore.

Unicode ndiyo iliyovunja ukuta huo. Toleo lake la kwanza lilitoka 1991, na wazo lake ni jepesi kulisema: kila herufi ya kila hati duniani ipewe namba moja isiyotumiwa na nyingine. Kwenye orodha hiyo ghaini ni namba 1594. Na herufi ya babu ipo, ni namba 1696, na ipo tangu miaka ile ya mwanzo ya 1990. Wakati nachora nukta kwa mkono, ilikuwa imekaa humo miaka thelathini inanisubiri.

Iliingia kwa ajili ya Wamalay, si kwa ajili yetu. Sisi tumedandia jahazi lao. Lakini namba haina kabila. Orodha inaiita kwa umbo lake, "aini yenye nukta tatu juu", na haisemi itamkwe vipi. Mfano mzuri ni jirani yake, fe ya nukta tatu, ڤ. Anayeandika Kiswahili kwa nukta tatu ataisoma v, Mmalay anaisoma p. Namba ni hiyohiyo, wala haijali.

Hapo kwenye majina karibu niangukie shimoni. Kwa kuwa babu yeye alikuwa akiongeza nukta kwenye ghaini, nilitafuta "ghaini yenye nukta tatu juu". Nikaipata! Ina namba yake, iliingizwa 2020 kwa ajili ya maandishi ya Afrika Magharibi. Mpwa akanizuia. Ile ni ghaini iliyobaki na nukta yake moja kisha ikaongezewa tatu, jumla nne. Ya babu ni aini tupu iliyovishwa tatu. Kwa jicho la haraka zinafanana, kwa kompyuta ni mitumbwi miwili ya watu wasiojuana, na ambaye angetafuta moja asingeiona nyingine kamwe.

Nilimuuliza kwa nini wasinipe nukta tatu peke yake, niiweke juu ya herufi yoyote nitakayo. Fataha, kasra, dhumma na sukuni ziko hivyo: kila moja ina namba yake na inapandishwa juu au chini ya herufi iliyotangulia. Lakini nukta za herufi zenyewe Unicode imekataa kuzifanya abiria. Nukta ni mwili wa herufi. Be ikipoteza nukta yake si be iliyovuliwa kofia, imekuwa kitu kingine. Ndiyo maana kila mpangilio mpya wa nukta unaopatikana kwenye hati za zamani, ziwe za Kihausa au za Kiwolof, lazima uombewe namba, watu wapeleke ushahidi wa maandishi, wakae waujadili, na miaka ipite. Herufi ya babu ilishapita foleni hiyo.

Kuichapa kulikuwa jambo dogo kuliko aibu yangu. Kwenye Word unaandika 06A0, ambayo ndiyo 1696 kwa hesabu ya kumi na sita, kisha unabonyeza Alt na X pamoja. Inageuka ڠ mbele ya macho yako. Siku nne zangu!

Kuna jambo moja zaidi nililopenda, wasionipenda walivumilie. Hati ya Kiarabu imeungana, herufi inabadili umbo kufuatana na jirani zake. Ng' ikiwa peke yake inafunga mkia, ikianza neno inaukata mkia na kushika ya mbele, ikiwa katikati inashikwa huku na huku. Nilidhani kila umbo lina namba yake. Hapana, namba ni 1696 tu, na kazi ya kubadili umbo inafanywa na programu wakati wa kuonyesha. Katika ڠوانز ng' inashikana na wau, wau haishiki mbele kwa desturi yake, alifu inasimama pekee, nuni inashikana na ze. Programu inayofanya kazi hiyo kwenye Android, Firefox, Chrome na LibreOffice inaitwa HarfBuzz, jina la Kiajemi, na hiyo "harf" ni ndugu wa damu wa neno letu herufi. Inasoma jedwali linalosema herufi gani hushika pande zote na gani hushika upande mmoja, na humo ng' ya nukta tatu imeandikwa ukoo wa aini. Kwa hiyo inajua jinsi ya kuishikanisha hata kama hakuna mtu wa HarfBuzz aliyewahi kuuona mji wa Mwanza.

Halafu kuna fonti. Namba bila fonti ni mtumbwi bila ubao. Nililibeba faili kwenye flashi nikaenda kwa jamaa mwenye mashine kubwa ya kuchapa, tukafungua, kila ng' imekuwa kisanduku kitupu. Fonti ya kompyuta yake haikuwa na umbo la namba 1696. Wataalamu wanaviita visanduku hivyo tofu, ndiyo maana Google walipotengeneza fonti za kila hati waliziita Noto, kutoka Kiingereza "no tofu", yaani tofu basi. Mimi nilitumia Scheherazade New ya SIL kwa sababu nukta zake ni nene na mama anaziona, nikahifadhi faili kama PDF fonti ikiwa ndani, yakaisha.

Ikabaki kazi ya upande wa pili, herufi za Kirumi. Hapa ndipo nilipotegemea kupumua. Kumbe ndipo palipokuwa na mkasa.

Niliweka kila deni kwenye Excel: safu moja jina kwa hati ya babu, safu ya pili jina kwa herufi zetu, safu ya tatu kiasi. Nikaiomba inijumlishie kila mdaiwa. Kwa hati ya babu, Ng'wandu alitoka mmoja mwenye deni moja. Kwa herufi za Kirumi walitoka Ng'wandu wawili, kila mmoja na nusu ya deni. Nikahakiki tahajia, nikahesabu nafasi, hakuna tofauti. Ilibidi nikuze skrini mpaka maneno yawe makubwa kama ya bango, ndipo nikaona: Ng'wandu mmoja alikuwa na ritifaa (kile kialama cha ng') iliyonyooka, mwingine alikuwa na ritifaa iliyopinda.

Majina mengine nilikuwa nimeyaandika Word kwanza, nayo Word kwa ukarimu wake hupindisha ritifaa yenyewe. Mengine niliyaandika moja kwa moja kwenye Excel, ambayo huiacha imenyooka. Iliyonyooka ni namba 39. Iliyopinda ni namba 8217. Na zote mbili, orodha ya Unicode imezipanga kwenye alama za uakifishaji, kundi moja na mkato na nukta ya mwisho wa sentensi. Ipo ritifaa ya tatu, namba 700, ambayo imepangwa kama herufi na ndiyo ingetufaa, lakini onyesha kibodi moja hapa mjini yenye kitufe chake. Kwa kifupi, sauti ya kwanza ya jina la mji wetu tunaiandika kwa herufi mbili na alama ya kunukuu, halafu tunashangaa kompyuta ikidhani tunanukuu.

Nilishindwa kulala siku ile. Wiki zote hizo nilikuwa nikiita herufi ya babu "ile ngeni", "ile adimu". Na ile adimu ndiyo iliyokuwa herufi kamili yenye namba moja, isiyogawanyika, isiyopinda. Hata uzito nilipima. Mfumo unaotumika karibu kila mahali kuhifadhi maandishi, UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, hugawia herufi baiti (mafungu ya biti nane nane, na biti ni sifuri au moja) kulingana na ukubwa wa namba yake. Namba 1696 kwa biti ni 11010100000. Inakatwa vipande viwili, kila kipande kinawekewa alama mbele ya kuonyesha nani anaanza na nani anafuata, inakuwa 11011010 na 10100000. Baiti mbili. Ng' yetu ya Kirumi yenye ritifaa iliyopinda ni baiti moja ya n, moja ya g, na tatu za ritifaa. Jumla tano.

Baiti hizo tatu umeshaziona, ila hukujua ndizo. Zikifika kwenye programu ya zamani isiyojua UTF-8, kila moja inasomwa kivyake, na Ng'wanza inatoka Ngâ€™wanza. Mabango ya aina hiyo yamepita mikononi mwangu, na mimi mwenyewe nimewahi kulaumu printa.

Zimewahi kutugharimu pia. Mwaka juzi kamati ya harusi ilinipa ujumbe wa kukumbusha michango, herufi kama 150, niurushe kwa simu za watu wote. Jina la upande wa bibi harusi lilikuwa na ng', nami nikalinakili kutoka Word. Meseji ya kawaida huchukua herufi 160 kwa sababu inatumia orodha yake fupi, na ritifaa iliyonyooka imo ndani ya orodha hiyo. Iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unahamishiwa mfumo mwingine wenye nafasi 70, na ukizidi hapo unakatwa vipande vya 67. Kila mwanakamati akahesabiwa meseji tatu badala ya moja. Mhazini aliniangalia vibaya mpaka siku ya ukumbi, na wakati ule sikuwa na la kujitetea.

Hayo ni ya fedha ndogo. Niliyesoma naye sekondari, mtu wa Ng'wa kamili, cheti chake kimoja kina ritifaa na kingine hakina. Ofisi moja ilimwambia mfumo wao haukubali "alama hiyo". Inawezekana kabisa ulikuwa haukubali: kwenye lugha ya kuulizia kanzidata, ritifaa iliyonyooka ndiyo uzio unaofungua na kufunga maandishi, na fundi asiyejipanga huona rahisi kuipiga marufuku kuliko kuishughulikia. Mwenzangu akala kiapo kwa wakili kwamba Ngwandu na Ng'wandu ni mtu mmoja. Amelipia muhuri kwa ajili ya namba 39.

Ng'ambo ya ziwa Waganda wana dawa yake, ŋ, iliyo rasmi kwenye tahajia ya Kiganda. Ni herufi halisi, namba 331. Nao pia, ukisoma meseji zao, utakuta wengi wameandika ng' kwa sababu kibodi haiwapi. Alfabeti ya lugha za Afrika iliyotolewa London mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa na ŋ, miaka ileile Kiswahili kilipokuwa kinasanifishwa, na wasanifishaji wetu wakabaki na ng' ya mashine ya taipu. Siwalaumu. Aliyekuwa na taipu mezani hakuwaza Excel.

Kazi yote iliisha wiki ya tano. Karibu yote.

Ukurasa wa 31 kuna mtu wa Magu aliyechukua samaki wa shilingi 40, na pembeni babu ameandika kwamba deni limelipwa, na alilipwa kitu gani. Neno ni moja: غُومْبِ. Ghaini ya nukta moja. Mimi nikasoma ng'ombe, ni nani atakayelipa deni Usukumani kwa kitu kingine? Nikataka kuweka 1696, nimrekebishie babu nukta mbili alizosahau. Kalamu ingenivumilia, ningeweza kuweka kidoa kisichosema moja wala tatu. Kompyuta inataka jibu, 1594 au 1696.

Nikaenda kwa mama. Safari hii alivaa miwani, akasogeza daftari kwenye mwanga wa dirisha, akakaa kimya kidogo.

"Baba hakuwa mtu wa kusahau nukta," akasema. "Mwone hapo juu, Ng'washi, nukta tatu. Hapo chini, gunia, nukta moja. Ameandika alichotaka."

"Sasa itakuwa nini?"

"Gombe. Amelipwa gombe. Dume kubwa." Akaanza kucheka. "Kwa samaki wa shilingi arobaini!"

Nikaandika 1594, na upande wa pili nikaandika gombe. Mama akafunga daftari, akalizungushia khanga, kisha akasimama mlangoni kama aliyekumbuka kitu.

"Ila nyumbani," akasema, "gombe mimi sijaliona."